Maneno Niliyoyapunguza Mahakamani

Nikisema nilikuwa askari wa majini kwa miaka kumi na minne, watu wa mtaa wangu, Nkuhungu, hucheka kwanza. Mgogo na bahari wapi na wapi. Siwalaumu. Nilipoandikishwa jeshini sikujua hata kuogelea. Maji mengi niliyokuwa nimeyaona maishani yalikuwa ya korongo la kwetu, upande wa Mpwapwa, na hayo huja siku mbili yakapita. Nilijifunzia pwani, mtu mzima, nikimeza maji ya chumvi mbele ya vijana waliokulia ufukweni. Baadaye nilizoea, na nikawa miongoni mwa wale wanaotangulia kupanda chombo kinachoshukiwa.

Kazi yetu ilikuwa kusimamisha vyombo vinavyoleta dawa za kulevya kutoka ng'ambo, kabla shehena haijagusa nchi kavu. Niliipenda. Nilikuwa nimeona vijana wa pwani wamelala barazani saa nne asubuhi, udenda unawatoka, mama zao wakiwaruka kama magogo. Kila tulipokamata kitu nilijiambia kwamba kuna nyumba fulani tumeiokoa. Bado naamini hivyo. Nasema haya mapema ili nisije nikaonekana naisingizia kazi. Ubaya ninaoueleza hapa niliufanya mimi, kwa mdomo wangu na kwa kalamu yangu.

Siku ninayoisema jua lilikuwa limeshapanda tulipoikuta meli ndogo ya uvuvi tuliyopewa taarifa zake, ndani ya maji yetu. Haikuwa na bendera, na jina lake ubavuni lilikuwa limepakwa rangi juu. Tulishusha boti ya mpira, tukaipanda ile meli watu wanane. Ndani walikuwamo mabaharia sita. Watano walikuwa wageni, lugha yao hakuna aliyeielewa. Wa sita alikuwa Mtanzania, mpishi, mwanamume mwembamba wa miaka thelathini hivi, amevaa fulana iliyochanika kwapani. Tuliwakalisha nyuma, mikono kichwani, tukaanza kupekua.

Tulipekua kwa muda wa saa tano. Tulitoa samaki wote, tukatoa barafu yote, tukafungua mbao za chini. Hatukupata kitu. Kiongozi wetu alianza kutazama saa. Alisema tusipopata ushahidi itabidi tuwaachie, na taarifa tuliyopewa itakuwa imepotea bure.

Nilikuwa napita karibu na wale mabaharia nikamsikia mpishi ananong'ona. Nilidhani anazungumza na mwenzake. Kumbe alikuwa anasali, na anasali kwa Kigogo.

Nilisimama. Sikuwa nimeisikia lugha hiyo baharini hata siku moja.

"Mbukwenyi," nilimsalimia.

Aliinua uso kama mtu aliyeitwa jina na marehemu. Akaniitikia taratibu. Nikachuchumaa mbele yake nikamuuliza kwao wapi. Akasema Gulwe. Nikamwambia mimi wa huko huko, Mpwapwa. Machozi yakamlengalenga. Kuanzia hapo tuliongea Kigogo tupu, na wenzangu walisimama mbali wakitutazama.

Aliniambia alikuwa na mwezi mmoja tu katika chombo kile. Alikuwa akifanya vibarua vya jikoni bandarini, akaambiwa kuna meli mpishi wake ameugua.

"Wamebeba nini?" nilimuuliza.

"Sijui, kaka. Mimi napika wali na samaki, basi. Ila lile tangi la maji linanishangaza."

"Linakushangaza vipi?"

"Kwa nje ni kubwa, lingetakiwa kuchukua mapipa matano. Lakini nikianza kuchota, siku ya nne limekauka. Nikiwauliza kwa ishara wananicheka. Mimi nimekulia kwenye maji ya kuhesabu ndoo. Haliwezi kuisha vile."

Nilielewa mara moja anachosema. Mtu wa pwani asingelishuku hilo tangi. Sisi tuliokuwa tunatembea na ndoo kichwani tukiwa wadogo, tukijua ndoo ngapi zinajaza pipa na pipa linafika siku gani, tunapima maji hata bila kukusudia.

"Nionyeshe," nilisema.

"Wakiniona je? Nalala nao chumba kimoja."

"Hutalala nao tena. Nionyeshe tu. Ukisema ukweli utarudi nyumbani."

Hayo ndiyo maneno yangu, neno kwa neno. Niliyasema kirahisi, kama unavyomwambia mgonjwa kwamba atapona. Sikuwa na mamlaka ya kumrudisha mtu nyumbani. Nilikuwa na cheo cha koplo.

Alisimama akanionyesha. Tangi lilikuwa na sakafu ya pili. Tulipoikata tulikuta vifurushi vimepangwa vizuri, vimefungwa plastiki tabaka kwa tabaka. Wenzangu walishangilia, wakanipigapiga mgongoni. Mmoja akasema, "Ndugu yako katuokoa." Mwingine akadakia, "Ndugu yake gani, kumbe Wagogo nao siku hizi ni walanguzi." Wakacheka. Nami nikacheka nao.

Kicheko hicho ndicho kilichonifikisha huku. Alasiri hiyo, tukirudi bandarini, nilikaa kuandika maelezo yangu. Mwanzoni niliandika yote, habari ya ndoo, ya siku ya nne, ya kwamba hajui wamebeba nini. Kisha nikayasoma, nikaona yanafanana na maelezo ya mtu anayemtetea ndugu yake. Niliwaza wenzangu watakavyosema mezani wakati wa kula. Mgogo kamkingia kifua Mgogo. Nilichana karatasi nikaandika sentensi moja: Nilipomhoji mpishi kwa lugha yetu ya asili alinionyesha mahali dawa zilipofichwa.

Hakuna uongo katika sentensi hiyo. Kweli alinionyesha. Lakini anayeisoma anaona mtu aliyejua siri tangu mwanzo.

Kesi ilisikilizwa pwani, baada ya muda mrefu. Wakili wa serikali aliniita kabla ya siku yangu, akanipitisha katika maelezo. Nilipojaribu kugusia habari ya maji, aliniuliza swali moja.

"Shahidi, alikuonyesha au hakukuonyesha?"

"Alinionyesha."

"Basi baki hapo hapo. Ukiongeza mengine utaulizwa kwa nini hukuyaandika."

Nilibaki hapo hapo. Kizimbani niliapa kwa Biblia. Mpishi alikuwa wa mwisho katika safu ya washtakiwa, amekonda zaidi, na aliponiona alijiweka sawa kwenye benchi kama aliyeona mtu wake ameingia. Wakili wa utetezi alikuwa kijana mwenye sauti ndogo. Alikuwa amezungumza na mteja wake vizuri.

"Shahidi, ulizungumza na mshtakiwa wa sita kwa Kigogo?"

"Ndiyo."

"Alikwambia kwamba anajua kuna dawa za kulevya ndani ya tangi?"

"Alinionyesha mahali zilipo."

"Sikuuliza hivyo. Alikwambia nini kuhusu maji?"

Jaji aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Sikumbuki habari ya maji," nilisema.

"Na ulimwahidi chochote?"

"Hapana."

Sikumtazama. Nilitazama feni ya ukutani, ilikuwa imevunjika wavu. Walifungwa wote sita, miaka thelathini kila mmoja. Nilikuwa doria hukumu ilipotoka, nikaletewa habari kwa simu, na baada ya wiki chache nikapewa cheti cha pongezi. Mke wangu alikitia fremu.

Miaka miwili baadaye nilianguka kwenye ngazi ya meli nikaumia goti, nikaondolewa jeshini kwa sababu za kiafya. Tulirudi kanda ya kati, tukajenga vyumba vitatu Nkuhungu, nikapata kazi ya kusimamia walinzi wa ofisi moja huko Mtumba. Maisha yakatulia. Kanisani waliposikia historia yangu waliniomba nizungumze na vijana juu ya madawa, Jumapili moja baada ya ibada ya pili. Nilikubali. Nilieleza jinsi tulivyoisimamisha meli, jinsi tulivyotoa barafu, na jinsi tangi lilivyokuwa na sakafu mbili. Nilisema "tuligundua". Mpishi sikumtaja kabisa. Vijana walipiga makofi.

Watu walipotawanyika alibaki mwanamke mmoja, amefunga kitenge cha bluu, amesimama karibu na mlango. Alinisalimia kwa heshima, akaniuliza kama ana ruhusa ya kusema.

"Karibu, dada."

"Hilo tangi ulilolisema. Lilikuwa la meli yenye mpishi Mgogo?"

Nilijua kabla hajamaliza. Nilimjibu ndiyo.

"Ni mume wangu," alisema. "Siku ya hukumu ndiyo siku pekee niliyopata nauli ya kwenda. Wewe hukuwepo siku hiyo."

Aliniambia anaishi Ihumwa, anapikia vibarua chakula cha mchana karibu na reli. Mtoto wao yuko darasa la tatu. Mume alikuwa amehamishiwa gereza la huku, na mara moja kwa mwezi humpelekea sabuni. Nilisubiri anitukane. Badala yake aliniomba jambo.

"Mama yake yuko Gulwe. Hajawahi kupata mtu wa kumweleza mwanawe alikuwaje huko. Anadhani labda alipigwa, labda alikuwa na njaa. Wewe ulimwona. Twende ukamwambie tu kwamba ulimwona mzima."

Ningeweza kukataa. Nilikubali kwa sababu niliona aibu kukataa. Jumamosi iliyofuata tulikwenda, yeye, mimi na mke wangu, kwa basi hadi Mpwapwa na kisha kwa pikipiki.

Bibi, mama wa mpishi, alitupokea mlangoni. Kiswahili chake ni cha shida, akakiacha mara tu aliponisikia nikimwamkia kwa Kigogo. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili na hakuuachia mpaka tumekaa. Alitusongea ugali wa uwele kwa mlenda, akanitengea maziwa ya mgando ambayo naamini yalikuwa ya siku nzima. Aliniuliza mwanawe alikuwa amevaa nini. Nikamwambia fulana. Aliniuliza kama alikuwa analia. Nikasema hapana, alikuwa anasali. Bibi alitikisa kichwa kukubali, akasema, "Nilimfundisha mimi."

Akaniuliza nilizungumza naye nini. Nikasema tulisalimiana, tukaulizana kwetu wapi. Nikaishia hapo. Ilikuwa mara ya tatu sasa nayakata mazungumzo yale, na safari hii nilikuwa nakula chakula cha mama yake. Wakati wa kuagana aliniita mwanangu, akamwambia mkwewe kwamba Mungu hakumwacha kijana wake, alimpelekea mtu wa nyumbani katikati ya bahari.

Sikuweza kuubeba mzigo ule. Tuliporudi Mpwapwa, tukiwa tumekaa kwenye benchi la stendi kungoja basi, nilimwambia yule mwanamke yote. Habari ya ndoo, ahadi niliyotoa, maelezo niliyoyachana, na lile neno "sikumbuki". Mke wangu alikuwa kando yangu. Hata yeye alikuwa hajawahi kusikia.

Yule mwanamke alinisikiliza akiwa ameshika tiketi yake.

"Kwa hiyo alisema kweli," alisema. "Mimi nilikuwa simwamini. Kila nikienda ananieleza habari ya maji, nami najisemea moyoni, huyu ananificha. Nimemtesa kwa hilo."

"Nisamehe."

"Mimi unaniambia ya nini? Nenda kamwambie jaji."

Alihamia benchi jingine. Basi lilipokuja alikaa mbele, sisi tukakaa nyuma.

Nilimtafuta wakili aliyekuwa ameshika rufaa ya mpishi. Alinisikiliza, kisha akavua miwani. Akaniuliza kama najua kwamba kukiri nilidanganya chini ya kiapo ni kosa, na kwamba ninaweza kushtakiwa. Nikasema najua. Akaandika hati ya kiapo, kurasa tatu, na mara hii hakuna nilichokata. Nilipoitia sahihi niliona nafuu ndogo, nikadhani ndiyo mwanzo wa kupona.

Kwa hiyo nikaenda gerezani kumwona mpishi. Nilijaza fomu, nikakaa kwenye chumba cha wageni chenye wavu katikati. Alipoletwa alinitambua mara moja. Nywele zilikuwa zimeanza mvi pembeni. Nikamwamkia kwa Kigogo.

"Tuongee Kiswahili, afande," alisema.

Nikamweleza kwa Kiswahili. Nilimweleza habari ya hati, ya wakili, ya mama yake niliyemwona na chakula alichonilisha. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Siku ile mahakamani nilikuwa nakutazama," alisema. "Nilifurahi ulipoingia. Nilimwambia wakili wangu, huyu ndiye atakayesema."

"Najua. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi ndiye niliyekuwa nafungwa."

Ningemwambia nini, kwamba niliogopa kuchekwa mezani? Nilimwambia hivyo hivyo. Alinitazama kama anayetafuta kama kuna kingine nyuma ya hilo. Hakukuwa na kingine.

"Naona umekuja nikusaidie," alisema mwishoni. "Sina cha kukusaidia. Mke wangu akija na sabuni inatosha. Wewe usije tena."

Akasimama kabla muda haujaisha.

Rufaa ilikataliwa. Wakili alinisomea sehemu inayonihusu. Mahakama ilisema shahidi aliyeapa mara moja hivi na mara nyingine vile hawezi kutegemewa, na kwamba maneno aliyoyasema karibu na tukio yana uzito kuliko anayoyasema miaka mingi baadaye. Niliposema uongo niliaminiwa, nikapewa cheti. Niliposema kweli sikuaminiwa. Kuhusu kunishtaki, hakuna aliyenifuata. Kuna siku nilikaa mlangoni nikiombea waje.

Nilikwenda Ihumwa kumpa yule mwanamke pole. Ilikuwa saa saba, vibarua wamejaa kwenye mabenchi. Alikuwa amekwishapata habari. Alinipakulia wali na maharage kama mteja mwingine, nikala, akaja kuchukua sahani.

"Mama hajui," alisema. "Kila habari mbaya nampelekea mimi. Hii nenda wewe. Na ukienda, mwambie na ile nyingine."

Nilikwenda Gulwe peke yangu. Ilikuwa Januari, mawingu yamejaa upande wa milima. Bibi alikuwa anapalilia karanga nyuma ya nyumba, akafurahi, akaanza kuniulizia mke wangu. Nilimwomba akae. Nilimwambia rufaa imekataliwa. Kisha nikamwambia kwamba mwanawe alizungumza nami maneno mengi zaidi ya yale niliyomweleza, nikamwambia maneno hayo, na nikamwambia nilichoyafanyia. Kwa Kigogo hakuna mahali pa kujificha. Hatuna maneno ya mahakamani. Ilinibidi niseme nilimwuza.

Hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama mwanawe anajua kwamba yeye alinilisha. Nikasema ndiyo, nilimwambia. Hapo ndipo alipofunika uso kwa khanga. Baada ya muda aliinuka, akaenda kuwafungulia mbuzi, akakaa huko. Niliendelea kukaa pale nikisikia kengele za mbuzi. Sikujua niondoke au ningoje. Mwishowe alisema akiwa huko huko zizini, bila kunigeukia, kwamba mvua imeshanyesha juu, niende kabla korongo halijajaa. Hakuniita mwanangu.

Nilivuka maji yakiwa ya kifundo cha mguu.

Sasa imebaki njia ya kuomba msamaha wa serikali. Wakili aliandika barua, akataka watu wa familia na yeyote anayemwombea waweke sahihi. Niliweka ya kwangu mwanzoni, kwenye mstari wa kwanza, kisha karatasi ikapelekwa Gulwe. Iliporudi, mke wa mpishi aliniletea nione kabla haijatumwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amegonga muhuri. Mama alikuwa ameweka dole gumba kwa wino wa bluu, chini kabisa ya ukurasa, ingawa chini ya jina langu palikuwa na nafasi tele.

"Ndivyo alivyotaka," yule mwanamke alisema.

Barua ilikwenda. Mpaka leo hatujajibiwa. Kile cheti nimekitoa ukutani. Mke wangu aliuliza akiweke wapi, kisha akakitia chini ya kabati pamoja na viatu vyangu vya jeshi.